Majani yale yale, majina matano: uchambuzi wa kisa cha vitabu vya picha katika darasa la tatu, Lubumbashi

Kuhusu kisa hiki

Kisa kinachoelezwa hapa kilitokea katika shule moja ya msingi mjini Lubumbashi, ndani ya muhula mmoja na nusu. Jina la shule, la mtaa na la kila mhusika limeondolewa, na mambo madogo ambayo yangeweza kumtambulisha mtoto au mzazi yamebadilishwa. Mtoto aliye katikati ya kisa nitamwita Pitshou, na mwalimu wake nitamwita Madamu, kama wanafunzi wenyewe walivyomwita. Mimi nilihusika kama mshauri wa walimu: niliketi nyuma ya darasa katika vipindi vinne, nikasoma daftari la maandalizi la Madamu, na nikazungumza mara kadhaa naye pamoja na direkta wa shule. Kipindi kilichoharibika sikukishuhudia kwa macho yangu. Ninakieleza kama Madamu alivyonieleza, na nionavyo hakujipendelea.

Ninakiandika kwa sababu walimu wanaopokea vitabu vya picha vyenye watoto wa mataifa na makabila mbalimbali huambiwa mara nyingi kwamba vitabu hivyo, vikifunguliwa tu, huwafundisha watoto kuheshimiana. Katika darasa hili, kitabu kizuri kilichosomwa na mwalimu mwenye nia njema kilimuumiza mtoto.

Mazingira

Lubumbashi, mji wa Katanga, kusini-mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ni mji wa watu waliotoka kwingine. Ulianzishwa mwaka 1910 kwa jina la Élisabethville, miaka minne baada ya kuundwa kwa kampuni ya madini ya Union Minière, na wafanyakazi wa migodi na viwanda vyake waliletwa kutoka kila upande: kutoka Kasai, kutoka Rwanda, kutoka Rhodesia ya Kaskazini ambayo leo ni Zambia. Reli ilipofika Port-Francqui, yaani Ilebo ya leo, mwaka 1928, safari kati ya Kasai na Katanga ikawa jambo la kawaida. Kiswahili kikawa lugha ya kambi za wafanyakazi, kisha lugha ya mji mzima, ingawa ni wachache sana ambao mababu zao walikizungumza. Mtoto wa Lubumbashi hucheza kwa Kiswahili, husoma kwa Kifaransa, na nyumbani husikia Kibemba, Kisanga, Kiluba, Kichokwe, Tshiluba (lugha ya Kasai) au lugha nyingine, hasa nyanya yake anapokasirika.

Historia hiyo ina sehemu nyingine, na bila kuitaja kisa hiki hakieleweki. Mwaka 1992 na 1993 watu wengi mno wenye asili ya Kasai walifukuzwa Katanga. Familia nzima zililala kwa majuma katika stesheni za reli za Likasi na Lubumbashi zikisubiri treni, na wengi walikufa hapo au njiani. Wakati ule walikuwa wakiitwa «bilulu», neno ambalo katika Kiswahili cha Lubumbashi lina maana ya wadudu. Baada ya miaka wengi walirudi, na wengine wapya wamekuja kutafuta kazi au kukimbia vita vilivyozuka Kasai mwaka 2016.

Darasa la Madamu lilikuwa na watoto 61. Tangu elimu ya msingi ya serikali ilipofanywa kuwa ya bure katika mwaka wa shule wa 2019, madarasa mengi ya nchi yamejaa, na hili halikuwa baya kuliko mengine. Darasa la tatu lina ugumu wake: ndilo darasa ambamo mtoto aliyejifunza kusoma katika lugha ya taifa huanza kubebeshwa mzigo wa Kifaransa, na wengi huacha kusoma kwa hamu hapo hapo.

Mwanzoni mwa mwaka shule ilipokea katoni ya vitabu vya picha 31 kutoka ng'ambo, vilivyotumika lakini safi, karibu vyote kwa Kifaransa na vichache kwa Kiingereza. Kila kitabu kilikuwa nakala moja. Direkta alimkabidhi Madamu katoni hiyo kwa sababu alikuwa mwalimu pekee aliyeiomba.

Majuma matatu ya furaha

Madamu alipanga kusoma kitabu kimoja kila Jumatano na kila Ijumaa, katika dakika ishirini za mwisho. Alikuwa akifasiri papo hapo kutoka Kifaransa kwenda Kiswahili, huku akitembea kati ya madawati na kitabu kikiwa wazi kifuani. Watoto walipenda sana. Walicheka theluji, na walibishana kwa muda mrefu kuhusu picha ya mbwa anayelala kitandani pamoja na mtoto: kundi moja lilisema mbwa huyo ni mgonjwa, jingine likasema ni mtoto ndiye anayeumwa, amewekewa mlinzi.

Kitabu kimoja kilichokusudiwa kuonyesha watoto wa dunia kilikuwa na ukurasa wa «Afrika», wenye nyumba za nyasi, twiga wawili na mtoto aliyebeba mtungi kichwani. Mvulana mmoja aliuliza hapo ni wapi. Madamu akajibu kwamba ni Afrika. Mvulana akauliza tena: «Afrika ya wapi, Madamu?» Twiga pekee mtoto huyo anaowajua ni wale wa kwenye picha, na kila siku akienda shule huona bomba refu la moshi la Gécamines, kampuni ya madini ya serikali, na mlima mweusi wa mabaki ya madini ulio pembeni yake. Madamu aliandika swali hilo katika daftari lake na kulipigia mstari, lakini hakulifanyia kazi. Naona ishara ya kwanza ilikuwa hapo: watoto walikwisha kugundua kwamba picha inaweza kumsema mtu vibaya, na hakuna aliyewauliza zaidi.

Kipindi kilichoharibika

Katika juma la nne Madamu alichagua hadithi ya mtoto anayekaa kijijini na bibi yake. Sitaji jina la kitabu, kwa kuwa kosa halikuwa la kitabu. Katika ukurasa wa sita bibi anaanika viwavi juani kwenye ungo. Madamu alitaka kuwafanya watoto waone kwamba maisha ya kitabu yanafanana na yao, akakumbuka kwamba Pitshou alikuwa amefika kutoka Kasai miezi michache tu iliyopita. Akamwita kwa jina, akamsimamisha, akamwambia: «Wewe unatoka kule, waeleze wenzako nyinyi mnavyokula hivi.»

Pitshou alisimama bila kusema kitu. Kiswahili chake kilikuwa bado kinamponyoka, na alipojaribu kuanza alitoa neno la Tshiluba. Wachache wakacheka. Kisha kutoka madawati ya nyuma sauti ya msichana ikasema: «Bilulu!» na darasa lote likapasuka kwa kicheko.

Ugumu wa tukio hili upo katika neno lenyewe. Viwavi katika picha ni wadudu, na mtoto wa Lubumbashi anayesema «bilulu» mbele ya picha ya wadudu amesema Kiswahili sahihi cha mtaani kwake. Msichana huyo angeweza kujitetea hivyo, na baadaye alijitetea hivyo. Lakini Madamu alikuwa msichana mdogo mwaka 1992, na alisema kwamba alijua kwa sauti ya kicheko kwamba neno halikuelekezwa kwenye ungo. Isitoshe, viwavi vilivyokaushwa huuzwa katika masoko ya Lubumbashi na huliwa na watu wa Katanga kama wa Kasai, hivyo hata swali lake kwa Pitshou halikuwa na msingi. Karibu nusu ya darasa ingeweza kulijibu.

Alifunga kitabu, akaandika hesabu ubaoni, na hakusema lolote kuhusu neno hilo.

Siku mbili baadaye nyanya wa Pitshou alifika shuleni. Hakupiga kelele. Aliomba mjukuu wake ahamishiwe darasa jingine, na alipoulizwa sababu alisema kwamba neno hilo aliwahi kulisikia akiwa ameketi juu ya mizigo yake katika stesheni ya Likasi, na hakutarajia mjukuu wake alisikie mbele ya mwalimu.

Maamuzi na sababu zake

Direkta, Madamu na mimi tulikutana jioni hiyo. Wazo la kwanza la direkta lilikuwa kumwadhibu msichana mbele ya gwaride la asubuhi. Tulikataa kwa sababu mbili. Mtoto wa miaka minane hakuwepo mwaka 1992. Neno hilo amelipokea kutoka kinywa cha mtu mzima, na adhabu ya hadharani ingempa umaarufu bila kumgusa aliyemfundisha. Tena adhabu ya hadharani ingelitangaza neno kwa shule nzima. Badala yake mzazi wake aliitwa faragha. Baba alikuja, akasikiliza, akasema ni mambo ya watoto, akaondoka.

Wazo la pili lilikuwa kuitisha mkutano wa wazazi wote. Hapa tuligawanyika. Mimi niliutaka, direkta aliuogopa: siku hizo mjini kulikuwa na maneno mengi kuhusu nani ni mwenyeji na nani ni mgeni, na alihofia mkutano wa shule ugeuke kuwa uwanja wa siasa. Mkutano haukufanyika. Leo nadhani alikuwa na haki kuhusu tarehe, lakini si kuhusu kuuacha kabisa.

Wazo la tatu, la kufungia katoni kabatini, lilikubaliwa kwa majuma mawili tu. Katika muda huo Madamu alivipitia vitabu vyote 31 upya, akijiuliza juu ya kila ukurasa: nani anafanya kazi katika picha hii na nani anatazamwa tu? Je, mambo haya ni ya leo au ya zamani yanayojifanya kuwa ya leo? Na swali lililotokana na kosa lake mwenyewe: nikinyoosha kidole kwenye picha hii, nani darasani atahisi kwamba kidole kimemwelekea yeye? Vilibaki vitabu 12. Kile cha bibi na ungo kilikuwa miongoni mwao, na nilifurahi kwamba hakukitupa.

Uamuzi wa nne ndio uliobeba mengine yote. Madamu alisema kwamba hakuna kitabu katika katoni ile chenye tofauti zilizo ndani ya darasa lake. Kulikuwa na watoto wa theluji na watoto wa twiga, lakini hapakuwa na mtoto wa Katuba, hapa hapa mjini, anayekaa dawati moja na mtoto aliyeshuka treni kutoka Mwene-Ditu, upande wa Kasai. Tulitafuta kwanza kati ya hadithi zenye leseni huria, zikiwemo zile za African Storybook kutoka Afrika Kusini na StoryWeaver kutoka India, ambazo mtu anaruhusiwa kuzichapa na hata kuzifasiri upya. Tulichapa tatu kwenye kioski cha fotokopi, siku umeme ulipokuwapo. Zilisaidia, hasa kwa kuwa Kiswahili chake kilikuwa tayari kimeandikwa na mwalimu hakuhitaji kufasiri huku akitembea. Lakini kitabu kilichotakiwa kilipaswa kutengenezwa hapo hapo.

Kitabu cha majani

Madamu alileta darasani fungu la majani ya muhogo. Akawapa watoto wote 61 kazi moja ya nyumbani: waulize wakubwa majani haya yanaitwaje kwa lugha ya nyumbani, na yanapikwaje. Hakumtaja Pitshou, wala hakutaja kabila lolote.

Kesho yake ubao ulijaa. Sombe, walisema wengi, kwa kuwa ndilo jina la mjini. Matamba, walisema watoto saba wa nyumba zinazozungumza Tshiluba. Madamu alikuwa akidhani anao wanne tu. Katapa, walisema wa Kibemba. Pondu, alisema mtoto ambaye baba yake ni askari aliyekaa Kinshasa. Mmoja mwenye shangazi Tanzania aliongeza kisamvu. Kisha ukazuka ubishi mkali kuhusu karanga: kama zinatiwa au hazitiwi, na kama mtu asiyetia mafuta ya mawese amepika au amechemsha. Nilikuwepo siku hiyo. Pitshou alisimama mwenyewe kusema kwamba nyanya yake hutwanga mara mbili, na hakuna aliyecheka, kwa sababu kila mmoja alikuwa akisubiri zamu ya kumtetea mama yake.

Watoto walichora kurasa kwenye karatasi ngumu, wakifanya kazi kwa makundi ya watano watano, na Madamu alihakikisha kwamba hakuna kundi la lugha moja. Kila ukurasa ulikuwa na kinu, mtu anayetwanga, na jina moja la majani. Nyumba zilizochorwa zilikuwa za matofali na mabati, zenye nyaya za umeme. Hakuna twiga hata mmoja.

Kitabu cha pili kilikuwa cha salamu, na hakikwenda vizuri vile. Salamu ya Tshiluba ni «Moyo!» Watoto waliposikia kwamba mtu anasalimiwa kwa kutajiwa moyo, walichangamka kupita kiasi, na kwa siku kadhaa wakati wa mapumziko Pitshou alifuatwa na kundi likimpigia kelele «Moyo! Moyo!» Madamu alitaka kusimamisha mradi. Juma lililofuata kelele zile ziligeuka kuwa mtindo wa darasa zima, hata wakimsalimia direkta, na Pitshou akaanza kuwasahihisha matamshi. Singependa mtu asome hapa kwamba mambo hujipa yenyewe. Kati ya siku ya kwanza na ya sita mtoto yule alikuwa akidhihakiwa, na hatukujua kama ingeisha vyema.

Matokeo

Pitshou alibaki katika darasa lake. Nyanya yake alikuja mara ya pili, safari hii kusahihisha tahajia ya maneno ya Tshiluba katika kitabu cha salamu, na alikaa darasani kwa saa nzima. Kitabu cha bibi na ungo kilisomwa tena mwishoni mwa muhula. Swali la viwavi lilielekezwa kwa darasa zima na likajibiwa na mikono mingi. Neno «bilulu» halikusikika tena darasani. Uwanjani lilisikika angalau mara moja, kutoka kwa mtoto wa darasa jingine.

Katika kusoma, Madamu aliona kwamba vitabu vilivyotengenezwa na watoto ndivyo vilivyochakaa kwanza, kwa kushikwa. Msichana aliyesema neno lile hakubadilika kwa namna ninayoweza kuieleza. Alishiriki katika kila kazi, alichora vizuri, na hakuwahi kuzungumza na Pitshou.

Uchambuzi

Mwaka 1990 Rudine Sims Bishop, mtaalamu wa vitabu vya watoto nchini Marekani, aliandika kwamba kitabu kinaweza kuwa dirisha ambalo mtoto huchungulia maisha ya wengine, na kinaweza kuwa kioo ambamo hujiona mwenyewe. Walimu wengi waliopata semina wanaijua mifano hiyo miwili. Kisa hiki kinaonyesha hatari ambayo mfano wa dirisha hauitaji waziwazi: dirisha ni salama pale anayetazamwa yuko mbali. Mtoto wa theluji hasikii tunavyomcheka. Anayetazamwa akiwa ameketi dawati la tatu, dirisha huwa kabati la kioo la makumbusho, na mtoto amewekwa ndani yake. Madamu hakumtukana Pitshou, lakini maneno «wewe unatoka kule» na «nyinyi» ndiyo yaliyomtenga. Msichana wa nyuma alitoa jina la kitu ambacho mwalimu alikwisha kukiweka mezani.

Kosa la pili, la kunyamaza na kugeukia hesabu, nalihukumu kwa upole zaidi. Mwalimu mwenye watoto 61 anayesikia neno kama lile huku moyo wake mwenyewe ukiruka hana maneno tayari. Tulipolizungumza baadaye tulikubaliana kwamba sentensi moja ingetosha siku ile: kwamba katika darasa hili mtu haitwi mdudu, basi. Haikuhitaji historia ya mwaka 1992, wala uchunguzi wa nia. Utata wa neno ulimfunga mdomo Madamu kwa sababu alidhani ni lazima kwanza athibitishe mtoto alikusudia nini, ilhali kilichohitaji jibu ni kicheko cha darasa.

Kuhusu kilichofaulu, ningependa kuwa mwangalifu. Wakati wa kupanga marekebisho, Madamu alitaka kuwaambia watoto kwamba hakuna kabila hapa, sisi sote ni Wakongomani. Hotuba hiyo tumeisikia sote tangu utoto, na haijamzuia mtu. Nilimwelezea utafiti uliofanywa Uingereza na Lindsey Cameron, Adam Rutland na wenzao, uliochapishwa mwaka 2006: watoto wa shule ya msingi walisomewa hadithi za urafiki kati ya watoto Waingereza na watoto wakimbizi, katika matoleo tofauti. Toleo lililosaidia zaidi halikuwa lile lililosahau asili ya watoto hao. Lilikuwa lile lililowaacha wabaki na asili zao huku likisisitiza kwamba wote ni wa shule moja. Kitabu cha majani kilifanya hivyo bila kukusudia: majina yalibaki matano, na kinu kilikuwa kimoja. Pia kilimpa kila mtoto swali lile lile, hata hakuna aliyekuwa mgeni wa kuelezwa wala mwenyeji wa kuelezewa.

Hata hivyo kilikuwa na upungufu ambao niliuona nikiwa nyuma ya darasa na sikuusema kwa wakati. Watoto watano walirudi na jibu kwamba kwao hakuna jina jingine, ni sombe tu; hao ni watoto ambao wazazi wao wamezaliwa mjini na wamebaki na Kiswahili peke yake. Mmoja wao alijitungia neno usiku ili asije mikono mitupu. Tulipanga kazi kana kwamba kila mtu ana lugha ya pili aliyoiacha nyumbani, wakati Lubumbashi imekwisha kuzaa watu ambao Kiswahili cha mji ndiyo lugha ya nyanya zao. Safari nyingine swali liwe «kwenu mnapikaje», na jina lije lenyewe.

Uchaguzi wa vitabu kwa kuangalia ukurasa baada ya ukurasa ulichukua jioni saba za Madamu, bila malipo, na shule inayotaka kufanya hivyo haiwezi kutegemea moyo wa mwalimu mmoja. Kugawa darasa katika makundi kulisaidia zaidi kuliko kusoma huku akitembea, kwa sababu kitabu kidogo hakionekani kutoka dawati la kumi. Wanafunzi wa darasa la sita walikuja kusoma na makundi mkekani huku wengine wakinakili kazi ubaoni. Na Kiswahili kilichoandikwa mapema kwenye kipande cha karatasi na kubandikwa chini ya picha kilizuia makosa ambayo Madamu aliyafanya alipokuwa akifasiri kwa haraka.

Jambo ambalo halijaisha ni neno lenyewe. Madamu anaamini kwamba watoto wa darasa la sita wanapaswa kuelezwa lilitoka wapi, kwa utulivu, na kwamba nyanya wa Pitshou angekubali kuja kusimulia habari za stesheni. Direkta anasema mambo hayo hayamo katika mpango wa masomo na kwamba mwalimu atakayeyagusa atajibu peke yake. Walipozungumza mara ya mwisho nikiwepo, walikubaliana kulirudia suala hilo baada ya mitihani.